Ulalo wa Kwenda Kisiwani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, tarishi wa zumbe alipofika kwetu Mnyuzi akatukuta tunapepeta mpunga. Zumbe ndiye aliyekuwa mkuu wetu enzi za Mwingereza, na tarishi wake hakuwa mtu wa kuja kwa jambo dogo. Alimwamkia bibi yangu, akakaribishwa uji, akaunywa wote, kisha ndipo akasema lililomleta. Shamba la mkonge la jirani lilikuwa limeomba kupewa kile kisiwa cha katikati ya mto Ruvu, ili lifunge mashine ya kuvuta maji. Bwana shauri, yule Mzungu wa wilaya, ameambiwa kisiwa hakina mwenyewe. Atakuja kukitazama mwezi ujao, na akikuta ni pori tupu, atakitoa.

Bibi yangu, Mwanahawa, aliuweka ungo chini. Yeye alizaliwa kwenye kisiwa kile. Zamani za vita na za kukamatwa watu, wazee wetu waliishi huko, maji ndiyo yakiwa boma lao. Amani ilipokuja walihamia ukingoni wakalima mabondeni, wakawaacha kule wafu wao. Kila mwaka tulivuka kwa ulalo, yaani magogo yaliyolazwa juu ya maji, kwenda kufagia makaburi na kuomba dua. Lakini watu waliajiriwa kwenye mkonge na kwenye reli, wengine wakahamia Handeni, na ulalo ukaachwa mpaka ukaoza. Wakati huo mimi nilikuwa msichana aliyekwisha kuposwa, na sikuwa nimekanyaga kisiwani tangu nilipobebwa mgongoni.

Siku ile ile watu waliitana. Ikakubaliwa kwamba tuanzishe mfuko wa kukiokoa kisiwa, kila nyumba itoe ilicho nacho. Tuliuita mfuko, ingawa kwa kweli ulikuwa ghala la bibi yangu, maana watu walileta mahindi, kuku, kunde, na mafungu ya kamba za katani. Ugomvi ulianza tulipoulizana vitu hivyo tuvifanyie nini.

Kaka yangu Rajabu alikuwa karani kwenye stesheni, kijana mwenye maneno mazuri na shati jeupe. Yeye alitaka kila kitu kiuzwe, inunuliwe saruji, ujengwe ukuta ukingoni wenye maandishi makubwa ya kusema kisiwa ni cha nani. Alisema bwana shauri atayasoma hata kabla hajashuka garini. Sisi vijana tulimpigia makofi. Niliuona ule ukuta akilini mwangu, mweupe, na abiria wa treni wakiunyooshea vidole.

Bibi alimwacha amalize. Kisha akamuuliza, kwa sauti yake ya kila siku, "Rajabu, mjukuu wangu, babu yako kazikwa wapi?"

"Kisiwani, bibi."

"Kisiwani upande gani?"

Rajabu aliunyosha mkono kuelekea mtoni, kisha akaushusha. Bibi akatugeukia sisi wengine, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akatazama chini. Hakutufokea. Laiti angetufokea, tungepata pa kujitetea.

"Tukiandika ukutani kwamba ni kwetu," alisema, "tutakuwa tunamwambia Mzungu jambo ambalo sisi wenyewe hatulijui. Tengenezeni njia kwanza. Mvuke, mfyeke, mjue nani kalala wapi. Akija, awakute mko kwenu."

Niseme jambo moja juu ya kaka yangu, maana wapo wanaomkumbuka kwa majivuno tu. Kesho yake alikuwa wa kwanza kuingia majini kusimika nguzo, shati amelitundika mtini, na mamba wa mto ule tunawajua walivyo.

Tatizo likawa magogo. Miti mikubwa ya karibu ilikuwa imekwisha kukatwa. Bibi akatuma salamu kwa ndugu zetu wa Handeni, ambao wengi wao walikuwa na wazee wao kisiwani kama sisi. Mwaka ule kwao mvua ilikuwa imewanyima, hata tuliona aibu kuwaomba chochote. Wakajibu kwamba chakula hawana, ila miti ya mininga wanayo na mikono wanayo. Wakakata magogo, wakayachonga. Kuyafikisha kwetu ndiko kulikotushinda, mpaka Bwana Karimbhai, Mhindi Mwislamu mwenye duka Manundu, aliposikia. Lori lake lilikuwa na safari ya Handeni. Alituletea magogo yote na hakutaka nauli. Bibi alipokwenda kumshukuru, Bwana Karimbhai alimwambia kwamba baba yake alizikwa Bara Hindi, na hajui ni nani analifagia kaburi lake.

Yupo pia Mama Elizabeti, Mkristo wa Kisambaa, muuza mboga. Yeye hakuwa na mtu wake kisiwani hata mmoja. Lakini kila siku ya kazi alileta sufuria ya maharage ya kuwalisha wajenzi. Watu walipomuuliza inamhusu nini, alisema watoto wake wanakunywa maji ya mto huu, na hilo linamtosha.

Ulalo ulipokamilika, na kamba ya kushikia imefungwa ubavuni, tulivuka na mapanga. Vikongwe walishikwa mikono wakavushwa, wakatuonyesha: huyu fulani, huyu fulani, hapa palikuwa na mlango wa boma, hapa walikuwa wakitwanga. Nililipata kaburi la babu yangu chini ya miiba. Nililisafisha mwenyewe, na nilipomaliza nilikaa palepale, sikutaka kuondoka.

Basi siku ya bwana shauri ikafika. Jua liliwaka kwetu, lakini mvua ilikuwa imenyesha huko milimani, na mto ukaja umejaa, mwekundu, maji yanayalamba magogo. Bwana shauri alishuka garini pamoja na zumbe na tarishi wake, akasimama ukingoni akiutazama ulalo. Alikuwa mtu mnene. Akasema kwa Kiswahili chake kwamba hatavuka, na kwamba ataandika kile anachokiona kutoka pale. Na kutoka pale, mwanangu, kilichoonekana ni miti tu.

Tulitazamana.  Michango yote, magogo yote, na kisiwa kinaondoka hivi hivi tukikitazama.

Bibi yangu alivua makubadhi yake, akakaza kanga kiunoni, akaishika kamba, akaanza kuvuka. Hakuna aliyemtuma. Alipofika katikati ulalo ulitikisika, na Rajabu akataka kumkimbilia, zumbe akamkamata mkono asije akauzidishia uzito.  Bibi akaenda polepole mpaka akakanyaga nchi kavu ya upande wa pili, akageuka.

"Karibu, bwana," alisema. "Kwetu ni huku."

 Yule Mzungu akavua kofia yake, akampa tarishi, akaishika kamba. Magogo yalipinda chini yake, lakini yalishika. Tukamfuata wawili wawili.

Kule hakuna aliyehutubu. Rajabu alimtembeza kaburi kwa kaburi, akimtajia majina bila kusitasita. Nami bwana shauri aliniuliza wa kwangu yuko wapi, nikamwonyesha. Akauliza ni tajiri gani aliyeutoa ulalo ule. Zumbe akamjibu kwamba hakuna tajiri, ni watu tu. Tulimpa muhogo wa kuchemsha akala amesimama. Alipokwisha kurudi ukingoni alimwambia zumbe, nasi tukisikia, awaarifu wa mkonge watafute mahali pengine pa mashine yao, kisiwa hiki kina wenyewe.

Gari lilipoondoka, Rajabu alikaa chini mavumbini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Wanawake walipiga vigelegele. Mama Elizabeti alimkumbatia bibi, nami nikasikia mabega yangu yanashuka, kana kwamba nimetua mtungi niliokuwa nimeubeba mwezi mzima. Mashine ilifungwa mbali zaidi, huko mto unakoteremkia, nayo haikumdhuru mtu.

Nimekuhadithia haya kwa sababu nasikia nyinyi vijana mnaanzisha mfuko wenu wa kutunza mambo ya kale ya mto huu. Nimefurahi sana. Nasaha yangu ni hii. Kabla hamjaweka kibao, muwe mmekwisha kupaendea mahali penyewe na kuwauliza waliobaki. Pokeeni mnacholetewa, maharage yakiwa maharage, nguvu za mikono zikiwa nguvu za mikono, na asiye wa ukoo wenu msimuulize inamhusu nini kwa sauti ya kumfukuza. Cha kwanza kutengenezwa kiwe njia ya kuwafikisha watu, maana mahali pasipokwenda watu hapana wa kupasemea. Na atakayekosea katika shauri, kama kaka yangu, mwachieni nafasi ya kuingia majini na wenzake.

Haya, mwanangu, nenda. Mungu akupe wenzi wa kazi wasiokuchoka, akuvushe salama kila utakapovuka, na watakaokuja baada yako wajue mahali pa kukutembelea. Amina.