Nduru ya Kavata

Ukitaka kunicheka, nicheke sasa tumalizane. Mambo haya yalinipata mimi, saa saba mchana, jua likiwaka, sijalala wala sijaonja kitu. Na mtu aliyeyaleta yuko hai hadi leo. Nenda umuulize, uone kama atakutazama usoni.

Kwetu ni upande wa Mutomo, kule ambako maji tunayachimba kwenye mchanga wa mto uliokauka. Kila boma lina shimo lake. Na mto wetu una desturi moja: ukichota, kata ya kwanza unaimwaga pembeni, ni ya aliyechimba shimo, awe hai au awe amekufa. Ndipo unywe.

Shimo letu lilichimbwa na binamu yangu Kavata. Alikuwa na miaka kumi na tatu, mimi kumi. Siku moja tukiwa hapo, mimi nimeingia kichakani kujisaidia, mwanaume akaja na pikipiki. Nilimsikia akimwambia, "Mama yako ameanguka. Yuko hospitali. Nimetumwa nikulete." Kavata akasita. Yule mwanaume akamziba mdomo, akambeba. Na mimi je? Nilikaa kichakani nikiuma pindo la gauni, kimya. Sikupiga hata nduru moja. Miaka kumi na minane nimeishi na ule ukimya, na miaka yote hiyo nimemwomba Mungu kitu kimoja tu, na si msamaha. Nilimwomba anipatie yule mtu.

Baada ya hapo nyanya yetu aliweka sheria. Mtu yeyote akisema ametumwa na sisi, ataje jina la punda wetu. Njiani tunamwita punda tu. Jina lake tunalitaja ndani ya boma, na halitoki hapo.

Basi siku hiyo nilienda mtoni na punda. Wenzangu walikuwa wameshakimbia jua. Nikafukua mchanga, nikamwaga kata ya kwanza, nikasema kama kawaida, "Hii ni yako, Kavata." Nikajaza mitungi minne, nikaifunga mgongoni mwa punda. Pikipiki nyekundu ikashuka ukingoni. Mwanaume wa makamo, shati ya kijani, anaongea Kikamba cha Makueni, mpole kabisa. Hakuomba. Alichukua kata yangu, akachota, akanywa yote bila kumwaga hata tone. Nilikasirika, lakini nikajiambia labda ni mgeni hajui. Halafu akapangusa mdomo.

"Dada, mama yako ameanguka. Yuko hospitali. Nimetumwa nikulete."

Maneno yale yale. Sauti ile ile, imezeeka kidogo tu.

Unajua nilihisi nini? Woga ulikuja baadaye. Kwanza nilihisi kama mtu aliyekutana na mwizi wake njiani. Nikamuuliza polepole, "Punda wetu anaitwa nani?"

"Punda?" Akacheka. Kisha akanishika mkono.

Nikakaa chini. Sikiza hapo vizuri, maana ndipo nilipoanza kuokoka: aliyesimama anavutwa tu, aliyekaa ni gunia. Nikapitisha mkono kwenye kamba za punda, nikazibana kwa kiwiko. Akitaka kunipandisha pikipiki, basi atuvute mimi na punda na maji yote. Alipoleta kiganja mdomoni mwangu nilikiuma mpaka nikaonja damu. Ndipo nikapiga nduru, ile iliyonikaa kooni miaka kumi na minane. Na sikulia "nisaidieni" peke yake. Nilimtangaza. Shati ya kijani, pikipiki nyekundu, yuko mtoni, shimo la akina Kavata.

Nikanyamaza nivute pumzi. Na nduru ikaendelea.

Niamini. Ilitoka ndani ya shimo, sauti ya msichana, na niliijua. Ni nduru aliyozibwa mdomo asiipige. Yule mtu akaniachilia. Alikuwa amesimama kando ya shimo, na mkono mdogo uliolowa maji ulikuwa umemshika kifundo cha mguu. Ukamvuta. Akazama mpaka magotini, akazama mpaka kiunoni, na shimo lile kina chake hakizidi urefu wa mkono wangu.

"Dada, nivute," akasema, analia.

Kamba nilikuwa nayo. Punda nilikuwa naye. Nikakaa pale pale mchangani, nikamtazama.

"Nani amekutuma?" nikamuuliza. Sikusogea.

Wachunga mbuzi na akina mama walifika mbio na mapanga na majembe. Walisema wamesikia nduru za watu wawili. Walimkuta amezama hadi kifuani, na mchanga uliomshika ulikuwa mkavu kama unga. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alisema mwenyewe, yote, hadi shamba lililoachwa huko karibu na Kalamba alikomfukia mtoto wetu. Polisi walimtoa mchangani, wakaenda kuchimba huko shambani, wakampata Kavata. Tumemzika nyumbani.

Yule mtu amefungwa. Kwenye mguu wake kuna alama tano ndogo za vidole, na hazikauki, zinatoa maji mpaka soksi inalowa. Wanasema akipewa kikombe cha maji, kwanza anamwaga sakafuni. Mchungaji wetu wa kanisani ananiambia nimsamehe. Nimemwambia asubiri. Nikikumbuka alivyolia, mimi nalala vizuri.

Wewe unayenisikiliza, una watoto? Wape neno la nyumbani, na wasilitoe nje. Wafunze wakishikwa wakae chini, washike kitu kizito, waume, wapige nduru na kutaja rangi ya shati. Na wewe ukisikia nduru usingoje kujua ni mtoto wa nani. Mimi nilinyamaza, na unajua kilichotupata.

Na kama wewe ndiye wa pikipiki na maneno matamu, karibu mtoni kwetu unywe. Kavata tumemzika, ndiyo. Lakini ile kata ya kwanza bado naimwaga, na maji yananywewa hewani kabla hayajagusa mchanga.