Nyembe Kumi na Saba na Shavu la Kushoto

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mlango wa chumba cha kinyozi uko nusu wazi, na mwenyewe amesimama mbele ya kioo, uso umejaa povu la sabuni kasoro macho na pua. Ananyoa shavu la kulia kwa wembe anaoufahamu. Anasuuza, anabadilisha, anaingia shavu la kushoto kwa wembe mpya. Kisha anajipapasa pande zote mbili, anakunja uso na kuandika kwenye daftari la shule: "Wa kumi na saba. Unakwaruza. Hapana."

"Sielewi," anasema. Katika siku chache ambazo mwandishi wa makala haya alishinda naye, neno hilo alilitamka mara nyingi kuliko salamu.

Wateja humwita Shabu, kwa lile jiwe jeupe la kukata damu ambalo halikosekani mfukoni mwake. Ana miaka hamsini na sita, na kwa miaka thelathini na moja amenyoa ndevu za watu kwa mtindo wa zamani: brashi, sabuni na kishikio cha chuma kinachobana wembe wenye makali pande mbili. Kila mteja na wembe wake mpya. Ukishatumika unatupwa kwenye kopo. Mashine ya umeme anayo, ya nywele. Ukimwambia aipitishe kwenye ndevu, atakutazama kama uliyemtukania mama yake.

Miaka ishirini na miwili alitumia wembe wa aina moja tu, wa pakiti ya kijivu. Miezi minane iliyopita pakiti hiyo ikapotea madukani. Mwenye duka mmoja alimwambia kiwanda kimefungwa, wa pili akasema kimehama, wa tatu akamuuliza kwani wembe si wembe tu. Huyo wa tatu hajamsemesha tena.

Alibakiwa na pakiti nne za kijivu, akazitunza kwa ajili ya kulinganishia na kwa wateja wenye ngozi laini. Wengine ikabidi watafutiwe wembe mbadala, na kila mbadala alianza nao kwenye uso wake mwenyewe. Aina moja asubuhi kadhaa, halafu nyingine. Zote kumi na saba zimeanguka mtihani, na wateja hao wananyolewa kwa ile iliyoanguka kwa afadhali.

Huku nyuma wateja wanapungua. Walikuwa kumi na mmoja kwa siku. Sasa wakifika watano anashukuru. Wanalalamika vipele na michubuko. Aliyemuuma zaidi ni mshonaji suti mstaafu, mteja wake wa miaka kumi na tisa, aliyeondoka siku moja shingo ikiwa nyekundu, asirudi tena.

Mume wa binti yake ana saluni ya viti sita, mashine tupu, wembe marufuku. Amemtengea mkwewe kiti kimoja. Shabu na mkewe wamekubaliana: mwezi ukiisha bila wembe wa kueleweka, brashi inaingia sandukuni na yeye anakwenda saluni.

"Kijana mzuri, ananiheshimu," anasema. "Lakini nikienda kule mimi si kinyozi tena. Ni baba mkwe aliyepewa pa kukaa."

Jambo hilo linamtesa na hafichi. Mwezi umebakiza siku tisa.

Asubuhi hiyohiyo ya wembe wa kumi na saba, anaingia shemeji yake, mdogo wa mkewe, anayeuza mayai chumba cha jirani. Amekuja kuazima ufagio. Hawa wawili wameishi kwa utani tangu siku ya harusi, na leo anaanza kwa kumwambia amefanana na keki iliyokatwa. Kisha anatulia na kulitazama daftari.

"Shemeji, hivi wembe mgeni siku zote unauweka kushoto?"

"Siku zote. Kulia wa zamani, kushoto mgeni. Nisije nikachanganya."

"Na mkono unaonyolea ni wa kulia?"

Shabu anautazama mkono wake wa kulia. Kinyozi anayemnyoa mwenzake hukizunguka kiti; anayejinyoa mwenyewe hana pa kuzunguka. Shavu la kushoto analifikia kwa kujipinda, kiwiko kikiwa hewani, na ndevu za upande huo zimeota kwa kuzunguka. Kesho yake anatumia wembe wa kijivu pande zote mbili. La kushoto linatoka damu vilevile.

"Nyembe kumi na saba," anasema, akipekua kurasa. "Zote nimezihukumu kwa kosa la shavu langu."

Shemeji ndiye anayeshika usukani. Kuanzia hapo shavu la kushoto linapewa likizo, na majaribio yote ni kulia. Yeye anachagua nyembe nne, anajificha nyuma ya pazia na kuufunga mmoja kwenye kishikio kila asubuhi. Wembe ukishabanwa, jina halionekani. Kwa siku nne wateja wanamkuta kinyozi mwenye ndevu upande mmoja, na kwa heshima hawaulizi.

Siku ya nne shemeji anasoma majibu. Wembe ambao Shabu aliuandikia "Huu ndio" ni ule wa pakiti nyekundu, wa bei ya chini kuliko wote, aliokwisha kuukataa kwa maneno makali. Ulioandikiwa "Unakwaruza, tupa" ni wa kijivu.

Anaomba asomewe tena. Kisha anakaa kwenye kiti cha wateja.

"Basi miaka yote ishirini na miwili nilikuwa napenda nini? Karatasi?"

Shemeji anakwenda kuyaangalia mayai yake.

Kichwa kinazidi kumzunguka anapofungua ukurasa wa siku aliyomnyoa mshonaji mara ya mwisho, maana nyembe za wateja nazo huziandika daftarini. Siku ile alitumia wembe wa kijivu, ule wa akiba, wa wateja wenye ngozi laini. Kama wembe ulikuwa uleule wa miaka yote, ile shingo iliungua kwa nini?

Anaamua kwenda kumuuliza. Mshonaji anampokea vizuri, anamkalisha, anasikiliza habari zote za kulia na kushoto bila kumkatisha. Ndevu zake sasa ni ndefu na nyeupe, na amezikata kwa mkasi wa nguo.

"Fundi, mambo ya nyembe mimi siyajui," anasema mwishowe. "Zamani ulikuwa unanipaka povu, unapiga stori zako, mimi nasinzia. Ukiniamsha, ndevu zimekwisha. Siku hizi hujamaliza kupaka umeshaanza kukwangua, na macho yako yako kwenye wembe. Mimi nakaa nimekaza shingo mpaka mwisho."

Njiani kurudi, Shabu anahesabu kwa vidole. Huenda ni povu. Huenda ni haraka, au ile shingo iliyokazwa, au umri wa mkono wake. Na wembe nao huenda una lake, maana ule mwekundu hakuuona alipousifu. Anafika kidole cha tano na kuanza upya, safari hii kwa mpangilio mwingine, na anakiri kwamba alipokuwa na nyembe kumi na saba za kulaumu alikuwa na amani zaidi.

Mshonaji amekubali kuja Ijumaa, siku tatu kabla mwezi haujaisha. Shemeji atafunga wembe nyuma ya pazia, na Shabu hataki kuambiwa ni upi, si kabla wala baada.

"Nitampaka povu, nitaweka brashi chini, nitasubiri," anasema. "Akisinzia, nabaki hapahapa na sabuni yangu. Akikaa macho, jioni nampigia mkwe."

Atasubiri kwa dakika ngapi? Shabu anafikiri, anakitazama kiti, anatikisa kichwa.

"Hapo ndipo sijui," anasema. "Zamani sikuwa naangalia saa."