Barua Arobaini na Moja za Jessie Mair

Ulikuwa mwaka elfu mbili na nne. La, nimekosea: ulikuwa elfu mbili na tatu, maana Elspet Slater alikuwa bado hajapasuliwa goti, na siku ile alipanda kilima cha ukumbi wa Portgarrie, kijiji cha wavuvi pwani ya Uskoti, kwa miguu yake mwenyewe, mkoba wa ngozi wa posta begani, akimwambia kila aliyemnyooshea mkono kwamba hataki kushikwa.

Mkoba ule alikuwa amebebea barua za watu kwa miaka thelathini na mmoja. Siku hiyo zilikuwamo za mama yake. Jessie Mair alikuwa mpasua samaki. Tangu usichana wake aliwafuata samaki wa heringi, yeye na wanawake wenzake, bandari kwa bandari kutoka Shetland hadi Yarmouth, vidole vimefungwa vitambaa visikatwe na kisu, na kila Jumapili aliandika nyumbani. Barua arobaini na moja zilibaki. Aliandika kama alivyosema, kwa Kiskoti cha pwani ile, bila kumwomba mtu ruhusa. Neno la "nzuri" peke yake aliliandika guid, gweed, gueed, na akiwa na haraka, gwid.

Sasa chuo kikuu cha mjini kilikuwa kinajenga ghala la maneno ya Kiskoti. Maandishi ya kila namna yanaingizwa katika kompyuta. Ukiipa neno moja, inakutolea jamaa zake, yale yanayofanana nalo na yale yanayopenda kukaa karibu nalo. Elspet alipeleka nakala mwezi wa Aprili. Oktoba likaja jibu: barua tatu zimekubaliwa. Thelathini na nane zina makosa mengi mno, zitaondolewa ghala likifungwa mwisho wa mwezi.

"Makosa," alisema Elspet jikoni kwake. Akasoma tena. "Makosa!" Supu ya samaki wa moshi ikafurika juu ya jiko, naye hata hakuitazama.

Aliyetia sahihi ni Daktari Farquhar Menmuir, daktari wa vitabu, si wa homa, na Alhamisi alikuwa anakuja Portgarrie kuwaonyesha watu huo mtambo wake.

Ukumbini palikuwa na watu kama ishirini, chai, na ile mikate yetu bapa ya chumvi na siagi. Menmuir alikuwa kijana mpole.

"Bi Elspet, nimezisoma zote. Ni tamu, kweli. Lakini kompyuta haina moyo. Neno likiandikwa namna nne, yenyewe inaona maneno manne."

"Basi ifundishe."

"Hatuna muda, Bi Elspet."

"Mama yangu alipasua heringi sitini kwa dakika, upepo wa kaskazini unampiga usoni. Habari za muda usinieleze mimi, mwanangu."

Watu wakacheka. Masikio ya Menmuir yakaiva, lakini hakurudi nyuma. "Nani atathibitisha lipi ni ndugu wa lipi? Ukiangalia maandishi tu..."

"Nani kakwambia uangalie maandishi tu?" Elspet akautua mkoba mezani, vikombe vikaruka. "Hapa nusu ya watu ni Mair, nusu ni Slater. Nilipoanza kazi, unajua kulikuwa na akina James Mair wangapi?"

"Kumi na mmoja," akaitika mzee mmoja kutoka nyuma. "Wanane tumeshawazika."

"Herufi zilezile, watu kumi na mmoja! Ndiyo maana kila nyumba hapa ina jina lake la pembeni. Huyo aliyejibu ni Jeems Latin. Yeye huandikiwa James, Jeems, Jamsie. Mair, Mare, Mayer. Bahasha za kila sura, mlango mmoja. Sikupata kurudisha hata moja kwa sababu ya kalamu ya mtu. Nilipougua wakaleta tarishi wa mjini, akafuata maandishi. James Mair mwingine, Jeems Bobbin, akafa, rambirambi zote akapelekewa Latin."

"Zilikuwa nzuri," alisema Latin. "Mbili ninazo mpaka leo. Hakuna aliyenisifu vile nikiwa hai." Akasogea mbele na kikombe chake. "Lakini niambie, Daktari, kwa kanuni yako mimi ni nani? Ni kosa?"



"Mama alichapwa mkanda viganjani shuleni kwa kuandika hivi," alisema Elspet, sasa kwa sauti ya chini. "Akaenda nyumbani akaandika tena. Mwalimu hakumweza. Na nyinyi hamtamweza. Keti, soma kwa sauti."

"Wakubwa wangu hawatakubali."

"Waje. Chai ipo."

Akasoma. Mwanzoni alijikwaa kama mtu anayetembea pekupeku juu ya kokoto, kisha ukumbi ukaanza kumdaka: hakufika mwisho wa sentensi kabla ya mwanamke mmoja kuimalizia. Kila walipotambua neno walitaja ndugu zake, wakabishana, wakatukanana kidogo, naye akaandika. Hakuna neno lililonyooshwa. Kila moja lilibaki na umbo lake, likafungwa uzi kwa jamaa zake, ili atakayeita moja aitikiwe na ukoo mzima. Ilichukua Alhamisi nne. Wakubwa walipiga simu mara mbili. Mara ya pili aliipokea Elspet, na hawakupiga tena. Barua zote arobaini na moja zikaingia.

Likabaki neno moja, katika barua ya mwisho kutoka Yarmouth, Novemba ya elfu moja mia tisa thelathini na saba: "Msiniogopee, nina snirrock kidogo tu, itakuwa imekwisha nikifika nyumbani." Kompyuta haikulipatia ndugu hata mmoja. Ukumbini hakuna aliyelijua. Latin akakuna kidevu. Elspet, ambaye wakati ule alikuwa hajazaliwa, naye hakulijua.

"Ni neno la mtu mmoja," alisema Menmuir. "Kwa haki kabisa, hili ningeweza kulitoa."

"Liache. Mtu mmoja alilihitaji."

Likaachwa. Mimi nimetembea pwani yote ile, kutoka Nairn hadi Fraserburgh, nikiuliza vizee milangoni na wavuvi gatini. Ni kikohozi? Ni mchumba? Ni hamu ya nyumbani? Wananipa chai na kutikisa vichwa. Jessie Mair alikuwa na nini Novemba ile?