Siku Zangu Nilizihesabu Mwenyewe

Mhariri amenirudishia sura ya tano kwa mara ya pili. Anasema haina tukio: mwanamke ameketi chumbani, anakula, anaswali, analala, na msomaji atachoka. Ananishauri nimtoe nje, abamize mlango, apande basi akaanze maisha yake. Nimecheka kwa hasira. Hivyo ndivyo nilivyoiandika mwanzo, na aliyenikosoa hakuwa msomi wa fasihi. Alikuwa shangazi yangu wa Kigombe.

Nilikuwa nimeachwa talaka moja. Mume wangu, mfanyabiashara wa Pangani, alichoshwa na uandishi wangu, ati naanika mambo ya nyumba. Tukagombana, akaandika karatasi, nikafungasha nguo nikaja kukaa eda kwa kaka yangu, Makorora. Talaka ikiwa moja, mume anaweza kumrejea mkewe maadamu eda haijaisha. Hahitaji mahari mapya, wala ndoa mpya, wala ridhaa ya mwanamke. Neno lake linatosha. Eda ikipita bila neno hilo, akimtaka tena sharti aje kuposa kama mgeni, na mwanamke akubali. Mimi sikutaka kurudi. Nilitaka chumba changu, meza, na mlango ninaoufunga mwenyewe.

Hakuna aliyeniuliza. Kaka alitundika kalenda sebuleni, akahesabu miezi mitatu, akaizungushia wino siku ya mwisho. Asubuhi moja nikamsikia dirishani anaongea na simu: "Shemeji, usiwe na haraka. Mwache apoe kwanza. Njoo ile wiki ya mwisho, siku bado zipo."

Mtu mzima wa miaka thelathini na sita, mwalimu niliyefundisha watoto wa watu, napangiwa tarehe ya kurudishwa kama sahani ya jirani! Na huyo ni kaka yangu wa damu, anayenipenda, anayeamini ananisitiri. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Hasira zote nikazimwaga kwenye daftari. Mwanamke wangu wa hadithi aliachwa Jumatatu, Jumanne akabamiza mlango, Jumatano akapanga chumba na kuanza kuchoma vitumbua. Nilijiona nimeandika kitu kikubwa. Nikamsomea shangazi, aliyekuja kushinda nami huku akichambua mchele kwenye ungo.

"Hebu ngoja," akasema. "Kaachwa juzi, leo auza vitumbua barabarani? Eda yake kakaa lini?"

"Shangazi, hii ni hadithi tu."

"Hadithi ndiyo isiwe na eda? Na huyo mume akimfuata palepale akamwambia nimekurejea, weye utaandika nini?"

Mimi mwenyewe nilikuwa ndani ya eda, nikaisahau eda ya mwanamke wangu. Nilichukia kwamba alikuwa amesema kweli.

"Na weye umefika wapi?" akauliza.

Nikamwonesha kalenda ya kaka. Shangazi akausukuma ungo kando.

"Kalenda ile yaingia mwezini? Wa kuhesabu miezi mitatu ni sisi vikongwe tusioona damu tena. Weye wahesabu damu. Kakuacha u twahara, huna damu, basi ukiiona ya tatu tu, umetoka." Akashusha sauti. "Na hilo hapana wa kukusemea, mwanangu. Kadhi mwenyewe hukuuliza weye, na ukisema, waaminiwa."

Nilihesabu kwa vidole. Nilikuwa nimeiona mara mbili, ya kwanza siku chache tu baada ya karatasi. Tangu siku hiyo kila aliyepiga hodi alinishtua moyo. Nilihofu atatokea kabla ya wakati, ashuke kwenye bajaji, aseme neno lake mlangoni, na yote yawe yameisha. Hakuja. Alikuwa anangoja nipoe, kama alivyoambiwa.

Siku ya sitini na tatu niliamka nikaiona. Nilikaa msalani nikalia, sijui kwa furaha au kwa uchovu. Nikamwambia shangazi peke yake. Alinisihi nimwambie na kaka, nikagoma. Nilitaka wanaohesabu wamalize hesabu yao. Najua si tabia nzuri, na sijaijutia hadi leo. Zile siku zilizobaki nilikaa chumbani nikaiandika upya sura ya tano, na humo mwanamke haendi popote.

Mume alikuja wiki ya mwisho, kanzu imepigwa pasi, na halua mkononi. Alimwamkia shangazi shikamoo, akaketi, akakohoa, akasema mbele ya wote, "Nimemrejea mke wangu."

"Alhamdulillahi," kaka akaitikia.

Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti cha chumba. "Eda yangu imekwisha," nikasema. "Yapata siku ishirini sasa."

Kaka akainuka, akaenda kwenye kalenda, akagongagonga ule mduara wa wino. "Bado siku nane! Nimehesabu miye!"

"Shahidi wake nani?" mume akauliza.

"Shahidi wa nini?" shangazi akadakia. "Wataka shahidi wa damu ya mtu? Huulizwa mwenyewe, na mwenyewe kesha kusema."

Mume alimtazama kaka, kaka akatazama sakafu. Halua ilibaki mezani, haijafunguliwa. Alipokwisha kuondoka, kaka alinijia juu, macho mekundu.

"Siku zote hizi tumo nyumba moja! Kwa nini hukuniambia?"

"Umemuuliza shemeji yako," nikamwambia, "ukaiuliza na kalenda. Mimi nilikuwa chumba cha pili."