Kilatini cha Baba

Juzi, katika maktaba moja hapa London, niliona ndani ya kabati la kioo kitabu cha kale cha Kilatini kuhusu Mungu, nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni katika fleti yetu ya Tottenham.

Mama alikuwa bado hospitalini na mdogo wangu, aliyezaliwa kabla ya wakati. Uji ulikuwa umeungua, nyumba nzima ikinuka. Baba, aliyewahi kusomea upadre kwao Songea, alikuwa jikoni akisoma kwa sauti, kwa Kilatini, maandishi ya mababa wa Kanisa, walimu wa kale wa imani, polepole, kama anayembembeleza mtu. Nilidhani hiyo ndiyo lugha ya nyumbani kwa Mungu, na kwamba sala zangu zote hazikuwa zikimfikia.

"Baba, kwani Mungu hajui Kiswahili?" nikauliza, machozi yakinilengalenga.

Akafunga kitabu, akanipakata. "Anakijua, mwanangu. Mimi ndiye niliyeishiwa maneno, nikaazima ya wazee."

Sasa najua kuwa wazee wale nao waliuliza mengi kuliko waliyojibu.

"Basi mwombee mtoto wewe," Baba akasema.

Nikaomba kwa Kiswahili changu kilichojaa Kiingereza, naye akaitikia amina. Jioni Mama akapiga simu, akilia na kucheka: mtoto ameanza kunyonya.