Laini ya Darrell Haijafungwa

Mume wangu alipigiwa simu miezi miwili na ushei baada ya kumzika.

Haikuita simu. Iliita kompyuta yangu mpya, mezani jikoni, Jumapili asubuhi.

Nikapokea.

Ngoja nianzie nyuma kidogo, ndo mtanielewa.

Naitwa Arlys. Nakaa Duluth, Minnesota. Kazi yangu ni kupanga miadi ya wagonjwa, naifanyia nyumbani. Mume wangu Darrell alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji barabarani. Februari akaanguka gereji ya hapa nyumbani. Moyo. Ndo basi tena.

Watu walisema nitalia. Sikulia.

Nilikuwa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Unajigusa shavu, hulisikii.

Nilikula kwa sababu saa ya kula imefika. Simu yake, iPhone, ilibaki kwenye chaja pale pale alipoiacha, imelala kifudifudi. Sikuigusa.

Kisha kompyuta yangu ya zamani ikafa nayo. Kazi haisubiri msiba, kwa hiyo mdogo wangu Lyle akanipeleka dukani.

"Dada, chukua Windows," akasema. "Simu yako Android. Hivyo viwili vinaelewana fresh tu. Ujumbe unausomea kwenye kompyuta, picha unahamisha bila waya. Kwisha habari."

"Na Mac?"

"Mac inaenda na iPhone. Wewe una iPhone?"

"Ninayo."

"Hiyo ya Darrell."

"Si iko nyumbani kwangu?"

Lyle akashusha pumzi. "Dada, laini ya marehemu unaiweka ya nini? Ifunge, upumzike."

Muuzaji, dada mmoja mpole, akaniuliza kazini wanataka mfumo gani. Nikamwambia wowote, kila kitu nafanyia mtandaoni.

"Basi fuata simu unayoitumia zaidi."

Hapo nikakwama. Yangu niliitumia kujibu watu pole zao. Ya Darrell ndiyo yenye picha zetu zote.

"Nipe Mac," nikasema, kama naagiza chipsi.

"Kichwa ngumu kama mama," Lyle akanung'unika.

Nyumbani akaiunganisha na simu ya Darrell. Nywila nilikuwa naijua. Picha zikamiminika. Darrell ziwani. Darrell kashika samaki, anacheka mdomo wazi.

Niliziangalia kama picha za familia ya jirani. Lyle akageukia dirishani, akafuta macho. Mimi nikamuuliza kama anataka sandwichi.

Kuna kitu hatukukijua. Darrell alikuwa ameizima simu yake sauti. Ikipigwa, ilikuwa inawaka na kuzimika peke yake chumbani, hakuna anayejua. Sasa kila simu iliyoingia kule iliita na kwenye kompyuta. Na kompyuta haikuwa imezimwa sauti.

Ndo Jumapili ile ikaita.

Kwenye kioo jina lilikuwa herufi moja tu. E.

Nikajiambia, haya, mwanamke wake huyo. Mnajua hata hilo halikuniuma?

"Haloo?"

Sauti ya mzee, imekwaruza. "Darrell yupo?"

"Nani mwenzangu?"

"Wewe ndo nani?"

"Mke wake."

Nikasikia anavuta pumzi. "Arlys?"

"Umenijuaje?"

"Mimi Everett. Baba yake."

Jamani. Nimeishi na yule mwanaume miaka kumi na tisa. Aliniambia baba yake alikufa kabla hatujajuana.

"Baba yake alishakufa," nikasema.

"Ndivyo alivyokwambia. Simlaumu. Niliendesha gari nimelewa, mama yake amekaa pembeni. Mimi nikatoka mzima." Akakohoa. "Akanifuta. Mwaka juzi ndo akanipigia mwenyewe. Tangu hapo tunaongea kila Jumapili. Alisema atakwambia, anatafuta tu pa kuanzia. Aliona aibu, mama. Uongo ulishakuwa mkubwa."

Nikavuta kiti, nikakaa karibu na kompyuta.

"Hebu niambie ukweli," akasema. "Nimemkosea nini tena? Jumapili zote hizi napiga, hapokei."

Hapo nikaelewa. Mzee alikuwa anamwomba radhi mtu aliyeko kaburini. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyejua kama yupo.

"Baba," nikasema. Sijui neno lile lilitoka wapi. "Darrell hajakukasirikia. Darrell alifariki. Februari. Ni moyo."

Nikasikia anazima televisheni.

"Alikuwa peke yake?"

Tangu mazishi hakuna aliyeniuliza hilo. Hata mmoja.

"Hapana. Nilikuwa nimempakata kichwa."

"Afadhali," akasema. "Afadhali, mwanangu."

Yuko Superior, ng'ambo tu ya daraja, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mchana ule ule nikaenda. Kumbe ile pua ya Darrell ilitoka kwake, na vidole gumba vile vipana.

Hatukuongea sana. Tulikunywa supu, tukatazama mpira wa magongo kwenye barafu. Timu yetu ikafungwa. Wakati naaga akanishika mkono, hakuuachia.

"Utarudi?"

"Nitarudi."

Nilianza kulia kwenye maegesho, natafuta funguo za gari. Nikaingia garini, nikalia mpaka mlinzi akaja kugonga kioo. "Mama, uko salama?" Nikamwambia sijui. Lakini uso wangu nilikuwa nausikia.

Sasa hivi watu wananiuliza, Arlys, tununue Windows au Mac? Nawaambia chukueni inayoelewana na simu zenu, mengine mbwembwe.

Ila laini ya marehemu usikimbilie kuifunga. Iache iite, na ikiita, pokea.

Huenda kuna mtu mahali hajaambiwa.