Kona Niliyoiona kwa Ukucha

Nakumbuka asubuhi moja hapa Kalemie, rafiki yangu Salumu alipoingia garajini na vilebrekini begani, ameifunga kwa kitenge cha mke wake. Mwanangu, vilebrekini ni ule mti wa chuma ambao pistoni huuzungusha ndani ya moteri. Ile ya boti lake ilikuwa imekufa. Hii aliitoa Kigoma, imechongwa upya, inang'aa.

Kuchongwa si aibu. Papa Kisimba, fundi aliyenilea kazini, alirudisha nyingi kama hiyo kwenye moteri, na zilidumu. Desturi yake ilikuwa kuining'iniza kwa kamba na kuigonga kwa nyundo ndogo: nzima hulia kama kengele, yenye ufa hukohoa. Siku hiyo alikuwa matangani, huko Kiambi. Nikaigonga mwenyewe. Ikalia vizuri.

"Munasikia?" Salumu akawaambia wabeba mizigo wa bandarini waliokuja kutazama. "Inaita watu misa."

Nikapitisha ukucha pale shingo ya chuma inapokutana na bega lake. Hapo panatakiwa mviringo laini. Aliyeichonga alipaacha kona kali, na chuma huanza kupasuka penye kona. Nilikuwa sahihi, mwanangu, na hilo silikani. Lakini nilicheka.

"Salumu, umenunua kioo cha kunyolea ndevu. Hii haifiki Moba."

Watu wakashika mbavu. Mmoja akamwomba amwazime, ajitazame meno. Salumu naye akacheka kidogo, akaifunga tena kwa kile kitenge, polepole.

"Fundi si wewe peke yako," akasema, akaibeba.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujua hata kwamba nimejikwaa. Ningeweza kumfuata mpaka barabarani. Nilirudi kwenye kazi yangu.

Fundi mwingine akamfungia ile ile. Boti likaenda Moba, likarudi na mahindi, na Salumu akapita mbele ya garaji bila kunitazama. Safari iliyofuata chuma kikakatika katikati ya ziwa, upepo ukawatupa miambani. Wavuvi waliwaokoa abiria. Salumu walimleta amefunikwa.

Papa Kisimba aliporudi nilimweleza yote. Nakwambia kweli: ndani yangu nilitaka anisifu kwa kuiona ile kona. Alifuta mikono ambayo haikuwa na mafuta.

"Kona uliiona," akasema. "Na muntu, ulimuona? Ulimucheka mbele ya watu. Sasa angerudia kwako kwa mulango gani?"

 Swali hilo ninalo hata leo, na Papa naye tumekwisha kumzika. Mke wa Salumu bado hunisalimu sokoni, kwa upole, na upole ule ndio unaoniuma.

Basi, mwanangu, chuma kibovu ukikatae, hata mwenye nacho akinuna. Usimfungie mtu kifo kwa kumwonea haya. Lakini mwite pembeni. Umshike mkono, ukucha wake mwenyewe upite pale penye kona, kisha mtafute kingine pamoja. Akiondoka na hasira, acha nyundo umfuate. Kazi itakungoja, yeye huenda asikungoje.

Mungu akupe jicho la kuona ufa na ulimi usioupanua. Na kila unayemfungia moteri aende, arudi, akute chakula chake bado cha moto.